Nani Amfuate Mwenzake: Hospitali na Familia za Wembley

Tarehe 19 Machi 2020, Hospitali ya Northwick Park, inayotegemewa na wakazi wa Wembley na vitongoji jirani vya kaskazini-magharibi mwa London, ilitangaza hali ya dharura. Vitanda vya wagonjwa mahututi vilikuwa vimejaa, na wagonjwa wa korona walikuwa bado wanaletwa. Ilikuwa miongoni mwa hospitali za kwanza kuelemewa nchini Uingereza. Takwimu zilipokusanywa baadaye, zilionyesha kwamba kati ya tarehe 1 Machi na 31 Mei mwaka huo manispaa ya Brent, ambayo Wembley ni sehemu yake, iliongoza England na Wales kwa kiwango cha vifo vya korona: vifo 210.9 kwa kila watu 100,000, tofauti za umri zikiwa zimezingatiwa.

Waliofariki hawakuishi mahali pasipofikika. Kutoka Wembley Park hadi Northwick Park ni vituo viwili tu vya treni. Hospitali ya Central Middlesex nayo iko upande wa pili wa manispaa hiyohiyo, na mkazi wa nchi hatozwi pesa mlangoni. Kama ukaribu wa jengo na matibabu ya bure vingetosha kulinda afya, Brent ingekuwa sehemu salama kuliko nyingi duniani. Kuna kitu kinachokosekana katikati, baina ya wodi na sebule ya mgonjwa, na ni wajibu wetu kukitafuta.

Hoja ya makala haya ni kwamba huduma ya hospitali huifikia familia kwa kadiri ya uaminifu uliojengwa kabla ya ugonjwa. Uaminifu huo hauji kwa tangazo wala kwa kipeperushi. Hujengwa na watu wanaolipwa kwa kazi hiyo, wanaokaa mahali pamoja kwa miaka, na wanaopewa muda wa kumsikiliza mtu mpaka amalize. Historia ya Wembley na Brent inaonyesha hivyo mara tatu: mara moja kwa ushindi na mara mbili kwa msiba.

Mji wa waliotoka kwingine

Mpenda kandanda anaijua Wembley kwa uwanja wake, uliofunguliwa mwaka 1923 na kujengwa upya mwaka 2007. Anayeishi hapo anaijua kwa majirani zake. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu watu karibu 340,000 katika Brent, na asilimia 56.1 kati yao walizaliwa nje ya Uingereza, kiwango kilichozidi cha manispaa nyingine zote za England na Wales.

Afrika Mashariki ina sehemu kubwa katika hesabu hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walifika Wahindi kutoka Kenya. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 kuondoka, na takriban 28,000 kati yao walipokewa Uingereza. Wengi walijikusanya Leicester na katika vitongoji kama Wembley na Harrow. Jayaben Desai, mwanamke aliyeongoza mgomo mashuhuri wa kiwanda cha Grunwick mwaka 1976, alikuwa mkazi wa Wembley aliyetoka Tanzania. Baadaye wakaja Wasomali, Wakongo, Waganda, Wakenya na Watanzania wa kila asili. Ukipita Ealing Road leo utakuta mihogo ya kukaanga kwenye orodha za vyakula vya migahawa ya Kigujarati, na si ajabu kumsikia bibi aliyevaa sari akimsalimu mwenzake kwa Kiswahili cha Kampala au Mombasa.

Watu hawa walikuja na bidii zao, na walikuja pia na hatari zao za kiafya. Kisukari huwapata watu wa asili ya Asia Kusini na Afrika wakiwa na uzito mdogo kuliko unaohesabiwa hatari kwa Wazungu; ndiyo maana mwongozo wa kitaifa unawataka waanze kuangaliwa uwiano wa uzito na urefu unapofika 23 badala ya 25. Selimundu huwaandama wenye asili ya Afrika. Kwa miongo mingi kifua kikuu kimeisumbua Brent kuliko sehemu nyingi za nchi. Mwanamume mweusi mmoja kati ya wanne hupata saratani ya tezi dume maishani mwake, mara mbili ya kiwango cha wanaume kwa jumla.

Mwaka 1971 daktari Julian Tudor Hart, aliyefanya kazi katika kijiji cha wachimba makaa ya mawe cha Glyncorrwg huko Wales, aliandika katika jarida la Lancet hoja inayotajwa hadi leo: huduma nzuri ya afya huelekea kupungua pale inapohitajika zaidi, na kujaa pale inapohitajika kidogo. Hakuishia kwenye kuandika. Aliamua kumpima presha kila mtu mzima wa kijiji chake, na ambaye hakufika alifuatwa.

Brent inaithibitisha hoja hiyo. Tarehe 10 Septemba 2014 kitengo cha dharura cha Central Middlesex, kilicho jirani na mitaa maskini ya Harlesden na Stonebridge, kilifungwa, na wagonjwa wake wakaelekezwa kwingine, wengi Northwick Park. Uamuzi ulikuwa na sababu zake za kitaalamu na za fedha. Hata hivyo, kwa mama asiye na gari, mwenye watoto watatu na homa ya usiku, hospitali ilikuwa imesogea mbali.

Muuguzi aliyeanza na familia

Mfano mzuri kuliko yote ulizaliwa Brent kwenyewe. Elizabeth Anionwu, mzaliwa wa Birmingham mwenye baba Mnigeria na mama wa asili ya Ireland, alikuwa muuguzi wa kutembelea familia majumbani. Katika kazi hiyo alikutana na wazazi ambao watoto wao waliteswa na maumivu ya selimundu, na hakuna aliyekuwa amewaeleza kwa utulivu ni ugonjwa gani huo. Uingereza haikuwa na mafunzo ya ushauri nasaha wa aina hiyo. Akaenda kuyatafuta Marekani. Mwaka 1979, pamoja na daktari bingwa wa damu Milica Brozovic, alianzisha Brent kituo cha kwanza nchini cha ushauri wa selimundu na thalasemia. Mwaka huohuo ikazaliwa Sickle Cell Society, chama cha wagonjwa na familia zao.

Uzito wa kazi hiyo utaeleweka vizuri na yeyote aliyekulia katika ukoo wa Kiafrika. Mtoto anapougua mara kwa mara, mikono ikivimba na macho yakiwa ya manjano, lawama humwangukia mama. Wapo watakaosema karogwa, wapo watakaosema damu ya ukoo wake ni mbovu. Mshauri anapokaa na mume na mke pamoja na kuwaeleza kwamba ugonjwa unahitaji vinasaba kutoka pande zote mbili, na kwamba wazazi wakiwa wote ni wabebaji kila mimba ina uwezekano wa moja kati ya nne kuzaa mtoto mgonjwa, anafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Anatoa elimu, na anamtua mwanamke mzigo ambao hakustahili kuubeba. Huruma ya kitabibu ni hiyo, na inahitaji saa nzima; haiwezi kutoshea katika dakika kumi za kawaida za kuonana na daktari wa familia.

Matunda yake yalienea mbali. Kufikia mwaka 2006, kila mtoto anayezaliwa England alikuwa anapimwa selimundu kwa tone la damu ya kisigino, na kila mjamzito anaulizwa asili ya familia yake ili apimwe ipasavyo. Akionekana mbebaji, baba naye huitwa kupimwa. Kilichoanza kama kazi ya muuguzi mmoja katika manispaa moja kikawa haki ya nchi nzima. Kwa Mtanzania habari hii iko karibu zaidi, kwa kuwa nchi yake hukadiriwa kuzaa watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka.

Pamoja na ushindi huo, liko funzo chungu. Tangu mwaka 2012 mwongozo wa kitaifa unasema mgonjwa anayefika hospitali na maumivu makali ya selimundu apewe dawa ya kutuliza ndani ya dakika 30. Novemba 2021 kundi la wabunge lilitoa ripoti likionyesha kwamba katika hospitali nyingi nchini wagonjwa wanasubirishwa, wanashukiwa kuwa waraibu wa dawa, na maneno yao hayaaminiwi. Yaani kituo cha ushauri kilijua kusikiliza, lakini ujuzi huo haukuvuka mpaka chumba cha dharura. Hospitali inaweza kuwa na moyo mwema katika idara moja na masikio mazito katika nyingine, na familia huikumbuka ile iliyowaumiza.

Wanawake kumi

Kati ya Aprili 2002 na Aprili 2005, wanawake 10 walifariki Northwick Park wakati wa kujifungua au muda mfupi baadaye. Idadi hiyo ilizidi sana iliyotarajiwa kwa hospitali ya ukubwa ule. Mwaka 2005 huduma yake ya uzazi iliwekwa chini ya usimamizi maalumu wa serikali, na mwaka uliofuata tume ya ukaguzi wa afya ilichapisha uchunguzi wake. Ilikuta upungufu wa wakunga, kutegemea mno wahudumu wa muda, madaktari bingwa kutohusishwa mapema, na dalili za hatari kutotambuliwa hali ya mama ilipobadilika. Wengi wa wanawake hao walitoka katika jamii za wachache.

Inafaa kusoma uchunguzi ule kwa makini kabla ya kurukia neno ubaguzi au neno uzembe, kwa sababu unaeleza jinsi huruma inavyokufa katika taasisi. Mkunga anayewahudumia wanawake wengi kupita kiasi hana nafasi ya kumtazama mmoja kwa muda wa kutosha kugundua kwamba amebadilika. Mhudumu wa muda, aliyekuja zamu hiyo tu, hamjui mgonjwa na hawajui wenzake, hivyo anasita kuita bingwa usiku wa manane. Mama asiyejua Kiingereza vizuri anasema "najisikia vibaya" na hana maneno ya kueleza vibaya namna gani. Kila mmoja katika mlolongo huo anaweza kuwa mtu mwema, na bado mama akafa.

Tatizo hili halikuwa la hospitali moja wala la miaka ile peke yake. Ripoti ya kitaifa ya mwaka 2019 kuhusu vifo vya uzazi ilionyesha kwamba mwanamke mweusi nchini Uingereza alikuwa na hatari ya kufa mara 5 ya mwanamke mzungu, na mwanamke wa asili ya Asia karibu mara 2. Ripoti zilizofuata zimeonyesha pengo likipungua, ila bado lipo. Kwa hiyo mama wa Kiswahili anapokwenda kliniki ya wajawazito akiwa na dada yake au rafiki wa kumsemea, huo si woga. Ni kinga halali.

Mlango uliofunguliwa na korona

Baada ya wimbi la kwanza la korona, halmashauri ya Brent na huduma ya afya ya taifa, NHS, zilianzisha mpango uitwao Brent Health Matters. Ulianzia mitaa iliyoumia zaidi, Alperton na Church End, ukaenea manispaa nzima. Msingi wake ni ule ambao Watanzania huuita huduma mkoba: wauguzi na waelimishaji afya huenda misikitini, makanisani, mahekaluni na katika kumbi za mitaa, wanapima presha na sukari, wanazungumza lugha za watu, na wanatoa ruzuku ndogo kwa vikundi vya wenyeji ili viongoze mazungumzo vyenyewe. Waelimishaji wengi hutoka katika jamii zilezile wanazozihudumia.

Mpango wa namna hii unafanikisha mambo ambayo tangazo la televisheni haliwezi. Mzee anayemwamini imamu wake hukunja mkono wa shati bila wasiwasi akipimwa presha baada ya sala ya Ijumaa. Maswali ambayo angeona aibu kuyauliza kwa simu anayauliza hapo, kwa lugha yake, na akiona wenzake wamekaa kwenye foleni ileile, hofu inapungua.

Tukiupenda mpango, hata hivyo, tuupime kwa haki. Siku ya upimaji ina udhaifu wa asili: mara nyingi wanaokuja ni wale ambao tayari wanajali afya zao, huku dereva wa mabasi wa zamu ya usiku na mfanyakazi wa kuwahudumia wazee, kazi ambayo Waafrika Mashariki wa Uingereza huiita kea, wakiwa wamelala au wako kazini. Udhaifu wa pili ni ufuatiliaji. Kumwambia mtu presha yake ni 170 kwa 100 kisha kumwachia karatasi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhakikisha ameonana na daktari wake, ameanza dawa, na miezi sita baadaye presha imeshuka. Halmashauri inayotangaza idadi ya waliopimwa inatuambia ukubwa wa shughuli. Idadi ya waliodhibitiwa presha ndiyo ingetuambia habari za afya.

Njia nyingine imeonyesha nguvu yake ndani ya hospitali zenyewe. Tangu Aprili 2022, vitengo vya dharura vya London vimekuwa vikipima virusi vya ukimwi kwa kila mtu mzima anayetolewa damu kwa sababu yoyote, asipokataa mwenyewe. Vingi hupima pia homa ya ini aina B na C. Hapa hakuna anayeambiwa "wewe Mwafrika, njoo upimwe." Wote hupimwa, na aibu hukosa pa kushika. Kwa jamii zetu, ambamo homa ya ini B hukaa kimya kwa miaka mpaka ini likaharibika, utaratibu huu ni wa thamani kubwa.

Anayehurumia naye anachoka

Huruma imeandikwa katika katiba ya NHS ya mwaka 2009 miongoni mwa maadili yake sita. Miaka minne baadaye, ripoti ya Robert Francis kuhusu hospitali ya Stafford, ambako wagonjwa waliachwa bila maji na katika uchafu, ilionyesha jinsi andiko hilo linavyoweza kupuuzwa. Uongozi ulikuwa umeshughulika na malengo na fedha, na wafanyakazi wachache waliobaki walizoea kutoona.

Kwa hiyo kumhimiza muuguzi awe na huruma, bila kugusa mazingira yake, ni kumwongezea mzigo. Ziko hatua zinazojulikana kusaidia. Mojawapo ni vikao vya Schwartz, vilivyopewa jina la Kenneth Schwartz, mwanasheria wa Boston aliyekufa kwa saratani ya mapafu mwaka 1995 baada ya kueleza jinsi wema mdogo wa wahudumu ulivyomfanya aweze kuvumilia. Vilianza kujaribiwa Uingereza mwaka 2009. Madaktari, wauguzi, wapishi na wafagiaji hukaa pamoja, na kila anayetaka anasema jinsi kazi inavyomgusa moyoni: kifo cha mtoto, hasira ya ndugu wa mgonjwa, hatia ya kosa dogo. Hakuna anayetafuta suluhisho siku hiyo. Wanasikilizana, wakirudi wodini wanakuwa na nafasi zaidi ya kumsikiliza mgonjwa.

Wengi wa wahudumu hao ni watu wetu. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuajiri wauguzi wa Kenya, na maelfu ya Waafrika wengine waliingia katika kazi ya kea visa yake ilipofunguliwa mwaka 2022. Machi 2024 wafanyakazi wapya wa kea walikatazwa kuja na wenza na watoto wao. Binti anayemwogesha mzee wa Wembley kwa upole anaweza kuwa na mtoto wa miaka minne aliyeachwa kwa bibi Kisumu. Mfumo unaomtaka atoe huruma unapaswa nao kumwonea huruma, na jamii inayomzunguka imuulize habari zake mara kwa mara.

Huruma ina sura ya lugha pia. NHS inatakiwa kutoa mkalimani bila malipo, na mwongozo wake unaonya dhidi ya kuwatumia watoto. Sababu yake ni nzito. Mvulana wa miaka 12 anayelazimika kumwambia mama yake kwamba uvimbe ni saratani amebebeshwa jambo ambalo halitamtoka. Na mama anayeulizwa kuhusu hedhi, kipigo cha mume au mimba iliyoharibika hatasema kweli mbele ya mwanawe. Omba mkalimani wakati wa kuweka miadi, na omba muda wa ziada, kwa kuwa mazungumzo ya lugha mbili huchukua muda mara mbili.

Ndani ya nyumba

Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali inamwonya anayeficha. Ni haki tuulize pia anaficha kwa nini, na katika Wembley sababu ni nyingi na baadhi zina msingi.

Ya kwanza ni makaratasi. Mwaka 2017 NHS iliingia makubaliano ya kuipa wizara ya mambo ya ndani taarifa za wagonjwa kwa ajili ya kuwatafuta wahamiaji. Yalivunjwa mwaka uliofuata baada ya malalamiko makali, lakini hofu haikuvunjika nayo. Oktoba 2017 hospitali zilitakiwa kudai malipo kabla ya matibabu yasiyo ya haraka kwa wasio na haki ya huduma bure, kwa bei ya asilimia 150 ya gharama, na deni la pauni 500 au zaidi lisipolipwa linaweza kuathiri maombi ya visa. Mtu akiogopa hapo hatuwezi kumwita mjinga.

Ndiyo maana elimu ya afya ya familia lazima ianzie kwenye haki. Mtu yeyote anaweza kujiandikisha kwa daktari wa familia England bila kuonyesha pasipoti, visa wala uthibitisho wa makazi, na kumwona hakulipiwi. Matibabu katika kitengo cha dharura hayalipiwi kabla mtu hajalazwa. Kifua kikuu, virusi vya ukimwi na maradhi mengine kadhaa ya kuambukiza hutibiwa bure kwa kila mtu. Huduma ya uzazi inaweza kuleta bili kwa asiye na haki, lakini hairuhusiwi kukataliwa wala kucheleweshwa kwa sababu ya pesa. Dawa ni bure kwa mtoto chini ya miaka 16, kwa mwenye miaka 60 na zaidi, kwa mjamzito na hadi mwaka mmoja baada ya kujifungua, na kwa mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa.

Sababu ya pili ni aibu na maneno ya watu. Binti mwenye vinasaba vya selimundu anaogopa posa itavunjika. Baba anaona kupimwa tezi dume ni kuvunjiwa heshima. Mama anaahirisha kipimo cha shingo ya kizazi, ambacho hutolewa kuanzia miaka 25 hadi 64, kwa kuwa hajui kama atahudumiwa na mwanamke. Anaweza kuomba hivyo, na ombi lake ni la kawaida.

Sababu ya tatu ni kwamba ushauri wenyewe mara nyingi hauzungumzii maisha yetu. Mgonjwa wa kisukari anaambiwa apunguze viazi na mkate, naye chakula chake ni wali wa nazi, chapati, ugali na chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari. Karibu na Ramadhani anaambiwa tu asifunge, akafunga kwa siri na dawa zilezile, sukari ikashuka adhuhuri akazimia. Akimwona daktari au mfamasia wiki kadhaa kabla ya mwezi mtukufu, ataambiwa kama hali yake inaruhusu kufunga, na ikiruhusu saa na vipimo vya dawa vinapangwa upya. Mazungumzo hayo yanatakiwa yawe na mpishi wa nyumba pia. Hakuna maana ya kumshauri baba peke yake ikiwa sufuria iko mikononi mwa mtu mwingine.

Tulichokijua zamani

Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Redio ilitoa somo, na watu wazima wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi takriban 75,000, wakasikiliza, wakajadili malaria, kichocho na maji machafu, kisha wakatoka kuchimba vyoo. Nguvu ya kampeni ile ilikuwa kikundi: jirani akimsikia jirani yake akiahidi. Miaka 50 baadaye wazo limerudi kwa sura nyingine. Septemba 2023 Kenya ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 wa kutembelea kaya, na Januari 2024 Tanzania ikazindua mpango wake wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii unaolenga zaidi ya 137,000.

London imeanza kujifunza somo hilohilo, kupitia Brazil ambayo tangu mwaka 1994 imeifanya kaya kuwa msingi wa huduma yake. Mwaka 2021, katika mtaa wa Churchill Gardens huko Westminster, wahudumu wa jamii walianza kugonga milango ya kaya zote, awe mgonjwa awe mzima. Tathmini ilionyesha kwamba kaya zilizotembelewa zilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kwa asilimia 47 wa kupata chanjo, na kwa asilimia 82 wa kufanya uchunguzi wa saratani na vipimo vya afya. Aliyekulia kijiji cha Tanga au Kakamega hatashangaa. Mhudumu anayekuja kila mwezi anajua nani amefiwa, nani ameacha dawa, nani ana mimba asiyoitaja.

Kazi iliyo mbele

Kutokana na yote haya yapo mambo manne ambayo Wembley inastahili kuyadai. Fedha za kuwafuata watu walipo ziwe za kudumu, zitengwe kila mwaka kama zinavyotengwa za upasuaji, kwa kuwa uaminifu uliojengwa kwa miaka mitatu huvunjika mradi unapokoma ghafla. Mafanikio yapimwe kwa waliopona na waliodhibitiwa. Ujuzi wa vitengo vinavyosikiliza, kama ule wa selimundu, ufundishwe katika kila chumba cha dharura na kila wodi ya wazazi, pamoja na wahudumu wa muda. Na wahudumu wenyewe wapewe idadi ya wagonjwa wanayoimudu, kwa sababu vifo vya miaka ya 2002 hadi 2005 vilifundisha kwamba uchache wa wakunga huua.

Familia nazo zina zamu yao. Kila mwenye miaka 40 hadi 74 asiye na maradhi kama ya moyo, kisukari au figo ana haki ya kupimwa afya kila baada ya miaka mitano. Barua ikija, aiitikie. Wanandoa watarajiwa wajue hali zao za selimundu kabla ya mahari kutajwa. Watoto wazima wawaulize wazazi wao dawa wanazokunywa, na wazazi wawaambie watoto maradhi yaliyo katika ukoo, kwa kuwa daktari ataliuliza hilo kwanza. Misikiti, makanisa na vyama vyetu vya maziko, ambavyo hukusanya maelfu ya pauni kwa siku mbili ili kusafirisha maiti kwenda nyumbani, viweke sehemu ndogo ya nguvu hiyo katika kuwapeleka walio hai kupimwa. Tunajua kukusanyika mtu akishafariki. Tuna uwezo uleule wa kukusanyika mapema, na hospitali ikitukuta tumekwisha kujipanga haitakuwa na kisingizio cha kutotufuata.